USHAHIDI WA ASIYEJULIKANA

Liko swali ambalo wazee wetu hawakuwa nalo, na sasa limeingia majumbani mwetu kwa njia ya simu. Mtaalamu aliye nchi ya mbali ataka kujua kwa nini kijana huacha kazi yake na jamaa zake akaenda kuua watu, naye akidai kwamba anaitetea imani. Mtaalamu huyo hamjui mtu wa namna hiyo, wala hana njia ya kumfikia. Basi hutangaza mtandaoni kazi ya dakika kumi na tano. Hujitokeza watu mia tatu au elfu, asiowajua sura wala majina. Huwauliza maswali yake, huwalipa fedha kidogo, na kabla ya jua kuchwa majibu yamekwisha kuwa mezani pake. Swali letu ni hili: je, majibu hayo ni ushahidi? Na je, ni haki kuyatafuta kwa njia hiyo, kisha kuyatumia kuwahukumu watu wasioulizwa?

Mtu wa Kariakoo ana sababu ya kulipima swali hili kwa makini. Mtaa wake umezoea kuhesabiwa na wageni. Jina lenyewe la Kariakoo limetoka kwenye Carrier Corps, kile kikosi cha wachukuzi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza. Katika miaka ya 1950 afisa wa serikali ya kikoloni, J. A. K. Leslie, aliuchunguza mji huu, watu wakaulizwa habari za kazi zao, nyumba zao na ndoa zao, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1963. Lakini muulizaji wa zamani alikuja kwa miguu. Alipiga hodi, akaonekana uso wake, na mwenye nyumba aliweza kumkaribisha barazani au kumwambia arudi siku nyingine. Muulizaji wa leo hapigi hodi.

HAJA YA KUJUA NI YA KWELI

Tusianze kwa kumlaumu mtafiti. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi zilipigwa mabomu kwa wakati mmoja. Hapa mjini walikufa watu 11, na Nairobi walikufa zaidi ya 200, wengi wao watu waliokuwa makazini mwao au wapita njia. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa Mkengeni, huko Kibiti, mwendo wa saa chache tu kutoka Kariakoo. Na katika wilaya zile viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mmoja. Oktoba mwaka huo huo mapigano yakaanza Mocímboa da Praia, Msumbiji, na Oktoba 2020 yakavuka mto Ruvuma mpaka kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara.

Mzazi wa pwani ana haki ya kujua ni kitu gani kinachomchukua mwanawe. Mwenye kusema kwamba jambo hili lisiulizwe kabisa amewaacha waliofiwa bila ya jibu, na walio hai amewaacha bila ya kinga. Kwa hivyo hatubishani juu ya kuuliza. Twabishana juu ya nani aulizwe, kwa njia gani, na jibu lake libebeshwe uzito gani.

SOKO LA MAJIBU

Mwaka 2005 kampuni ya Amazon ya Marekani ilifungua soko la kazi ndogo ndogo za mtandaoni, ikaliita Mechanical Turk, yaani Mturuki wa Mtambo. Jina hilo lina kisa chake. Mwaka 1770, mjini Vienna, Wolfgang von Kempelen alionyesha mtambo wa kucheza sataranji. Juu ya sanduku lake aliketi sanamu aliyevishwa kilemba na joho la Kituruki, naye aliwashinda wachezaji hodari. Watu wakastaajabu kwamba chuma na magurudumu yaweza kufikiri. Kumbe ndani ya sanduku amefichwa mtu. Waliolipa soko hilo jina walifanya mzaha, lakini mzaha wenyewe wasema kweli: mtu amefichwa ndani ya mtambo, na anayeutazama mtambo husahau kwamba ndani yumo mtu.

Baadaye yakaja masoko mengine. Prolific lilianzishwa Oxford, Uingereza, mwaka 2014, kwa ajili ya watafiti hasa. Kwetu Afrika, ambako wengi hawana kompyuta lakini wana simu, ziko kampuni kama GeoPoll zinazouliza kwa ujumbe wa simu na kumlipa mjibuji kwa vocha.

Watafiti wa ukatili huenda katika masoko haya kwa sababu ni rahisi na ni ya haraka, na baadhi yao wamepata faida ya kweli. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza matokeo ya mchezo wa kompyuta walioutunga, uitwao Radicalise. Mchezaji hushika nafasi ya mtu anayewatongoza wengine waingie katika kundi la kikatili, kundi la kubuni, ili azijue hila zenyewe na baadaye asinaswe nazo. Waliojaribiwa walikuwa wachache kuliko 300, na walipatikana kwa njia ya Prolific. Ilionekana kwamba waliocheza walizitambua hila hizo vizuri zaidi kuliko wasiocheza. Hilo ni jambo jema. Katika jaribio kama hilo hakuna aliyeulizwa siri ya moyo wake, wala hakuna mtaa wala kabila lililohukumiwa. Mtafiti alitaka kujua kama dawa yafanya kazi katika akili ya mwanadamu, na kwa swali hilo mtu yeyote mwenye akili timamu anafaa kuwa mfano.

Shida huanza pale swali linapobadilika. Mtafiti anapoacha kuuliza, "Je, hila hii hutambulika?" akauliza, "Ni vijana wangapi wa mahali fulani wanaokubali kuua?" hapo ameiacha dawa, ameingia katika ushahidi. Na ushahidi una sheria zake.

MPOKEZI ASIYEJULIKANA

Umma huu una elimu ambayo wengine huipita bila ya kuitazama. Wanazuoni wa hadithi, akiwamo Imam Bukhari aliyefariki mwaka 256 Hijria (870), hawakutosheka na maneno yaliyopokewa. Waliuliza: nani kayapokea? Kwa nani? Walikutana lini na wapi? Huyu anajulikana kwa ukweli, na kumbukumbu yake ni nzuri? Mpokezi asiyejulikana hali yake waliita majhuli. Hawakusema kwamba kwa hakika ni mwongo, maana asiyejulikana aweza kuwa mkweli kuliko wote. Walichosema ni kwamba juu ya neno lake peke yake hujengi hukumu.

Sasa mtu aliyejibu maswali mtandaoni ni majhuli aliyekamilika. Amesema ana miaka 24. Huenda ana 50. Amesema ni mwanamke wa Ilala. Huenda ni mwanamume aliyeko bara jingine, anayetumia njia za kuficha mahali alipo ili alipwe. Kariakoo twawajua vishoka, wale wanaojifanya mawakala wa ofisi au wa duka wala si mawakala. Mtandaoni nako kishoka yupo, naye hana hata sura ya kutiliwa shaka. Tena siku hizi aweza kuwa si mtu. Mwaka 2023 watafiti wa Uswisi waliwapa wafanya kazi wa Mechanical Turk kazi ya kufupisha maandishi, wakakadiria kwamba baina ya asilimia 33 na 46 walitumia programu ya kompyuta kuifanya. Katika sanduku la Mturuki, mtu naye ameweka mtambo wake.

Msomaji aweza kusema kwamba waongo ni wachache, na wachache hawaharibu hesabu. Katika mambo ya kawaida ni kweli. Lakini ukatili ni jambo la nadra, na katika jambo la nadra waongo wachache hutosha kuzaa umati. Taasisi ya Pew ya Marekani ililionyesha hilo kwa mfano wa kuchekesha. Katika jaribio la mwaka 2022 watu waliojiandikisha wenyewe mtandaoni kujibu maswali kwa malipo waliulizwa kama wana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Katika walio chini ya miaka 30, asilimia 12 walijibu kwamba wanayo! Manahodha hao hawako popote isipokuwa katika karatasi. Ni watu waliobonyeza "ndiyo" bila ya kusoma, wakimbilie malipo.

Mfano wa pili hauchekeshi. Desemba 2023 uchunguzi wa mtandaoni ulisema kwamba asilimia 20 ya Wamarekani vijana wanaamini kuwa maangamizi ya Wayahudi mikononi mwa Wanazi ni hekaya. Habari ikatangazwa, watu wakafadhaika. Pew wakauliza tena swali lile kwa watu waliochaguliwa kwa kura katika anwani zao: wakapata asilimia 3. Na mwaka 2022 Sean Westwood na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba hesabu za Wamarekani wanaounga mkono ukatili wa kisiasa zilikuzwa na mambo mawili: wajibuji wasiozingatia, na maswali yasiyo wazi. Wamarekani walisingiziwa na hesabu, wakajitetea kwa sababu wana wataalamu na magazeti ya kuwajibia. Kijana wa mtaa wa Congo akisingiziwa hivyo, nani atamjibia?

PAZIA LA SIRI

Hapa yupo mpinzani mwenye hoja nzito, na ni wajibu tumsikilize. Atasema: "Ninyi mwataka mpokezi ajulikane. Lakini katika jambo hili mtu anayejulikana hasemi kweli. Mpelekeeni kijana mgeni mwenye kalamu na karatasi, mbele ya mama yake na majirani, mumwulize kama aliwahi kuvutiwa na wauaji. Atasema la. Mwacheni peke yake na simu yake, bila ya jina, atasema." Tena ataongeza: "Kutojulikana ndiyo kinga yake. Mkitaka jina lake mwamtia hatarini."

Hoja hii ina ukweli, nasi hatuikatai. Haya hufunga mdomo, na siri huufungua. Lakini mpinzani amechanganya mambo mawili. Kufichwa kwa watu si sawa na kutojulikana na mtu yeyote. Daktari anaujua ugonjwa wako na jirani yako haujui. Kadhi wa zamani alipoletewa shahidi asiyemfahamu alituma waaminifu wake wakaulize hali yake kwa siri, na tendo hilo liliitwa tazkia. Shahidi hakuvunjiwa heshima sokoni, wala kadhi hakuhukumu kwa neno la asiyemjua. Paliwekwa pazia baina ya shahidi na watu, lakini halikuwekwa baina ya shahidi na mwenye dhamana.

Soko la mtandaoni limeligeuza pazia hilo. Mtafiti, ambaye ndiye mwenye dhamana, hamjui mjibuji. Lakini wenye soko wanayo akaunti ya fedha zake. Na kwetu malipo yakija kwa vocha, hupitia katika namba ya simu. Na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa nchini Tanzania. Mjibuji aliyeambiwa kwamba jina lake halitajulikana amejibu kwa kitu kilichofungwa kwenye kidole chake. Anayestahili kumjua hamjui, na wasiostahili waweza kumjua. Hiyo ni siri iliyowekwa kinyume.

NENO "MSIMAMO"

Yako pia mambo ya lugha. Wataalamu wana neno lao la Kizungu, nalo limefasiriwa kwetu "misimamo mikali" au "itikadi kali". Watazame wasemaji wa Kiswahili. Kwetu mtu mwenye msimamo ni mtu wa kusifiwa. Ni yule asiyehongeka, asiyegeuka pepo ikigeuka. Mama humwombea mwanawe awe na msimamo katika sala yake na kazi yake. Basi mwulize mchuuzi wa Kariakoo kwa simu, "Je, wewe una msimamo mkali katika dini yako?" Aweza kujibu ndiyo kwa fahari, akikusudia kwamba hali riba na haachi swala ya alfajiri. Jibu lake litakwenda kuhesabiwa pamoja na la mwenye kutega bomu.

Ndivyo lilivyo na neno jihadi. Mwanamke anayelea mayatima peke yake huambiwa na majirani kwamba yuko katika jihadi. Maana hiyo haimo katika dodoso, na muulizaji hayupo aulizwe amekusudia nini. Ana kwa ana mtu angesema, "Samahani ndugu yangu, hapo wakusudia kupigana au kujitahidi?" Kwenye simu yako matundu mawili tu, ndiyo na la, na aliyeyachonga yuko mbali.

UJIRA NA MZIGO

Tuje kwenye malipo. Wako wanaosema kwamba kumlipa maskini ili ajibu ni kumshurutisha. Hoja hiyo haisimami vizuri. Mchukuzi wa Kariakoo hubeba gunia kwa sababu anahitaji fedha, wala hatusemi kwamba hana hiari. Tukimwambia asilipwe ili tuilinde hiari yake, tutakuwa tumemdhulumu mara mbili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuharakisha ujira wa mfanya kazi, hakutufundisha kumnyima kwa sababu ni mhitaji.

Lakini mchukuzi anayo haki ambayo mjibuji wa mtandaoni mara nyingi hana: huliona gunia kabla ya kulibeba. Hulitikisa, huuliza linapokwenda, hutaja bei, na likimzidi hukataa. Mjibuji huambiwa ni "maswali juu ya jamii". Akifika swali la kumi huonyeshwa maneno ya wachinjaji, au picha ya maiti, au huambiwa awaze kwamba nduguye ameuawa na aseme angefanya nini. Na huenda nduguye ameuawa kweli. Akiacha katikati, katika kazi nyingi za namna hii hupoteza ujira wa dakika zote alizokwisha kujibu. Mzigo umefichwa ndani ya gunia, na gunia amekwisha kutwishwa.

Tena bei yenyewe ni ndogo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018, uliotazama wafanya kazi 2,676 wa Mechanical Turk, ulikuta kwamba mtu wa kati kwa kati alipata kiasi cha dola 2 kwa saa. Huku kwetu Afrika ya Mashariki tumekwisha kuona mambo yanavyokuwa: Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanya kazi wa kampuni ya Sama, Nairobi, walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na ya uchafu ili kuifunza programu ya kampuni ya OpenAI. Kazi yao haikuwa ya kujibu dodoso, lakini mzigo ni wa jamii moja. Baadhi yao walisema waliumia nafsi kwa waliyoyasoma. Aliyekuwa mbali alipata faida, na aliyekuwa karibu na skrini akabaki na picha kichwani.

JIBU LINAPOKUWA HATARI

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote. Mtu wa Ohio akijibu kwamba anaona ukatili wafaa wakati mwingine, amesema upuuzi wake na ataendelea na chakula chake. Kwetu maneno hayo yana njia nyingine. Tanzania inayo Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na nchi kadhaa za jirani zina mfano wake. Na watu wa Dar es Salaam wanakumbuka. Februari 1998, miezi sita kabla ya bomu la ubalozi, polisi walipambana na Waislamu katika ghasia za Mwembechai, na watu wakapigwa risasi wakafa. Katika nyumba zenye kumbukumbu kama hiyo, swali juu ya dini na ukatili halisikiki kama swali la elimu. Husikika kama hodi ya usiku.

Hapa ndipo elimu yenyewe inapotuonya. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa ripoti mwaka 2017 baada ya kuwahoji ana kwa ana watu 718 katika nchi za Afrika, wakiwamo 495 waliojiunga kwa hiari na makundi ya kikatili. Watafiti waliwafuata watu wenyewe, wengi wao wakiwa gerezani. Walichokipata hakukifikiri mtu wa mbali. Katika waliojiunga kwa hiari, asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini hawayajui au wanayajua kidogo. Na asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni tendo la serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa jamaa au rafiki.

Ichukue habari hiyo uiweke kando ya uchunguzi wa simu. Mtafiti anakusanya majibu yasiyo na uhakika. Hesabu inasema mtaa fulani una hatari. Mwenye mamlaka anaisoma, na kwa kuisoma anaongeza ukali katika mtaa huo. Watu wanakamatwa, na jamaa zao wanaingia katika hali ile ile iliyowasukuma wale 71 katika kila mia. Utafiti uliokuja kuuzima moto umeweza kuwa upepo. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyokwisha kutokea. Twasema kwamba njia ya kufika huko haina ukuta, na mwenye elimu anayeijua njia hiyo hana udhuru akiiacha wazi.

NANI KAWAPA UWAKALA?

Mtafiti atajibu kwamba kila mmoja aliridhia, alibonyeza kwamba amekubali. Naam, aliridhia kwa nafsi yake. Lakini matokeo hayasemi, "Watu mia tatu waliobonyeza simu Jumanne." Husema, "vijana wa pwani", "Waislamu wa mjini", "wakazi wa Kariakoo". Katika sheria yetu ya biashara mtu hawezi kuuza mali ya mwenziwe bila ya uwakala. Hata winga wa Kariakoo, anayemleta mteja dukani apate chochote, anajua kwamba bei si yake na duka si lake. Basi mjibuji mmoja asiyejulikana amepata wapi uwakala wa kuuza sifa ya mtaa mzima?

Suratul Hujurat imetuamrisha tuichunguze habari tuliyoletewa tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na imetukataza kupelelezana na kudhaniana vibaya. Amri hizo mbili zapaswa kwenda pamoja. Kuchunguza ili usiwadhulumu watu ni wajibu. Kuwachokonoa watu ili uwadhanie vibaya ni haramu. Utafiti huwa upande huu au ule kwa namna unavyofanywa, hata kama nia ya mtafiti ni njema.

MASHARTI YA HAKI

Hatupendi kulaumu bila ya kuonyesha njia. Tunaona masharti matano.

La kwanza, swali liendane na shahidi. Akitaka kujua akili ya mwanadamu inavyodanganywa, na aulize wa mtandaoni. Akitaka kujua hali ya watu wa mahali, na aende mahali hapo. Akitaka kujua kilichompeleka mtu kwenye bunduki, na amtafute aliyeishika, kama walivyofanya UNDP.

La pili, mjibuji ajulikane na mwenye dhamana na afichwe na wengine. Mfano upo hapa hapa. Mwaka 2013 shirika la Twaweza lilipoanzisha Sauti za Wananchi lilichagua kwa kura kaya 2,000 za Tanzania Bara, likazitembelea majumbani, likatoa simu na chaja za jua, ndipo likaanza kuuliza kwa simu. Haraka ya simu ilipatikana, lakini hodi ilipigwa kwanza.

La tatu, mzigo uonyeshwe kabla ya kubebwa. Aambiwe kwamba ataulizwa juu ya mauaji, na akiacha katikati apewe ujira wake wote.

La nne, siri iwe siri. Tanzania sasa inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba iliyotumiwa malipo itengwe na majibu na ifutwe, na jambo hilo lifanywe kabla ya mtu yeyote mwenye nguvu kuliomba. Asiyeweza kuilinda siri asiiombe.

La tano, swali lisomwe kwanza na watu wa lugha: mwalimu wa madrasa, mama wa nyumbani, mchuuzi. Wakiuliza maana yake mara mbili, libadilishwe. Na matokeo yasitajwe kwa jina la mtaa au dini ambayo haikuulizwa sawasawa.

SISI TUNAOULIZWA

Mwisho, wajibu si wa mtafiti peke yake. Majumbani mwetu wamo vijana wanaojipatia bando na fedha ya nauli kwa kujibu maswali ya mtandaoni. Hatuwakatazi, ni kazi, na kazi ya halali haina aibu. Lakini wazazi na wawaambie jambo ambalo masoko hayo hayawaambii. Kubonyeza "ndiyo" bila ya kusoma, katika swali la sabuni, ni uvivu. Kubonyeza "ndiyo" bila ya kusoma, katika swali la kuua, ni kutoa ushahidi wa uwongo juu ya jirani zako kwa bei ya vocha. Anayejiita kijana wa Kariakoo naye siye, ili tu alipwe, amewasemea watu wanaosali safu moja katika Msikiti wa Mtoro na wanaofungua maduka mtaa wa Msimbazi, na hao hawatajua kamwe ni nani aliyewasemea.

Basi kijana akipata swali la namna hiyo, na alisome. Akilielewa na akaona jibu lake halitamdhuru mtu bila ya haki, na aseme kweli. Asipolielewa, au akiona mzigo umefichwa, na aliache, hata kama ujira utapotea. Naye mtafiti anayeupata ukimya huo asiuhesabu kuwa hasara, kwani yule aliyenyamaza huenda ndiye shahidi aliyekuwa akimtafuta. Na akitaka neno lake, itambidi aje apige hodi.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atukinge na dhana.